Umekwaruzana na daladala ukiwa likizo Unguja: mmalizane wenyewe au uende bima?

Kutoka London, kwa sasa Mbweni

Assalaam alaykum jamaa zangu. Tumekuja likizo na familia, nimekodi Escudo. Leo asubuhi Mtoni nimekwaruzana na daladala: yeye anatoka kituoni, mimi napita, tukakutana ubavuni. Mlango wangu wa abiria umechubuka na kubonyea kidogo. Bampa yake ya mbele imepasuka pembeni, upande wa dereva. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Anataka laki mbili tumalizane leo leo. Watu walijaa, kila mmoja hakimu. Nimepiga picha, tumepeana namba, nimemwambia nitampigia baada ya adhuhuri. Kaka yetu wa Leicester ameniandikia pembeni kwamba nilipe yaishe, nisijitie kwenye mambo ya polisi. Mnasemaje?

Kutoka Kiembesamaki

Wa alaykum salaam. Pole, na karibu nyumbani. Usilipe bado.

Kaka wa Leicester amesema kwa kheri, na ingekuwa gari yako mwenyewe ningekubaliana naye nusu. Lakini Escudo ni ya watu. Kabla hata ya kumpigia dereva, mpigie aliyekukodisha. Mikataba ya kukodi gari kwa kawaida inakutaka utoe taarifa ya ajali mara moja, hata ya mkwaruzo, na bima nyingi zinakataza kukiri kosa au kuahidi malipo kabla kampuni haijajua. Ukimpa dereva laki mbili kimya kimya, siku ya kurudisha gari utaulizwa mlango umepatwa na nini. Hapo bima ya mwenye gari inaweza kusema ajali haikuijua, ripoti ya polisi hakuna, basi jitegemeeni. Utakuwa umelipa bampa ya mwenzio na mlango juu yake.

La pili ndilo linalowakamata wengi wanaokuja likizo. Unayezungumza naye si mwenye gari. Dereva wa daladala ana tajiri wake, na jioni anampelekea hesabu. Akichukua pesa yako akatia mafuta, akapeleka hesabu, bampa ikabaki vilevile, kesho tajiri anakupigia wewe: "Gari yangu umeigonga, unaitengeneza lini?" Hutakuwa na la kumjibu, maana yeye hukumlipa. Sisemi kwamba madereva ni wezi. Naye ana mashaka yake: gari ikilala gereji siku mbili hesabu haiji, na tajiri anaweza kumpa gari mtu mwengine. Ndiyo maana anataka yaishe leo. Katika hiyo laki mbili kuna bampa na kuna hofu ya kukaa bure, na ukilifahamu hilo mazungumzo yanakuwa mepesi. Muombe namba ya tajiri kwa adabu. Akikataa katakata, usitoe hata shilingi.

Halafu nirudi kwenye jambo ambalo umelipita haraka. Umeandika yeye ndiye aliyekuwa anatoka kituoni. Anayeingia barabarani anampisha aliyeko barabarani. Huko London mmezoeshwa kuliachia njia basi linapotoka kituoni, na ni ustaarabu mzuri, lakini haukufanyi wewe kuwa mkosa. Mbona tayari mnapatana utalipa ngapi, wala hakuna aliyeuliza nani kamgonga nani? Nakwambia kwa nini: umeshuka kwenye gari la kukodi, umevaa viatu vya huko, na Kiswahili chako kina Uingereza ndani yake. Waliojaa pale walishaamua kabla hujafunga mlango. Huenda kosa ni lako, huenda ni la wote wawili, sikuwepo. Lakini hilo trafiki ataliamua kwa kupima na kuchora, si kwa kelele.

Kwa hiyo msiogope kituo cha polisi. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003, na ajali inaripotiwa polisi hapa hapa. Bila ripoti ya polisi bima haitembei hata hatua moja. Ila kabla hujaenda, hakikisha una kile kibali cha muda cha kuendeshea Zanzibar. Leseni ya Uingereza peke yake hapa haitoshi. Wenye magari ya kukodi kwa kawaida ndio wanaowatafutia wateja kibali hicho, na wengi wenu mnakitupa kwenye droo ya gari bila kukisoma. Kitazame tarehe. Kama kimekwisha, mwambie mwenye gari sasa, asije kuyasikia mbele ya askari.

Kuhusu bima yenyewe, muulize mwenye gari swali moja tu: ndogo au kubwa? Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, mlango wako haiuangalii. Bima kubwa inatengeneza na yako, lakini kuna kiasi cha mwanzo anachokibeba aliyekodi, wenyewe wanakiita ekses, nacho kimeandikwa kwenye mkataba wako. Tuseme ekses ni laki tano na mlango unatengenezwa kwa laki moja na nusu: bima hapo haikusaidii kitu, utalipa mfukoni. Lakini utalipa kwa kukubaliana na mwenye gari, kwa risiti ya gereji, si kwa kukatwa amana yako kwa makisio ya mtu mmoja. Na kwa kuwa nimeshaulizwa mara nyingi: ile bima ya dola 44 ya wageni iliyoanza Oktoba 2024 ni bima ya safari. Haihusiani na bampa ya mtu.

Sasa, baada ya yote hayo, mkiona kheri kumalizana wenyewe, na mwenye Escudo ameridhia, malizaneni. Mimi sina ugomvi na sulhu, mikwaruzo mingi hapa inaisha hivyo na watu wanabaki wanasalimiana. Ila msikubaliane bei barabarani. Nendeni gereji, fundi aivue bampa mkiwa mnaangalia. Ufa unaouona nje ni wa plastiki, na plastiki fundi anaishona: anauchoma ufa kwa pasi ya kulehemu, anazamisha vipande vya waya, anapiga puti, anapaka rangi. Hiyo si kazi kubwa. Kazi iko nyuma yake: masikio ya taa yamekatika au yamesalimika? Klipu zimebaki ngapi? Chuma kinachoshika bampa kimepinda? Taa ikiwa haikai sawa, bei inakuwa nyengine kabisa, na ni bora ijulikane leo kuliko wiki ijayo ukiwa umeshapanda ndege. Mpeleke na fundi wako, au mtu yeyote wa familia anayejua magari, maana fundi wa dereva ni rafiki wa dereva.

Mkishapatana, andikeni. Karatasi moja inatosha: tarehe, mahali, namba za magari yote mawili, kilichoharibika, kiasi kilicholipwa, na sentensi inayosema wazi kwamba mwenye daladala amepokea malipo yote na hana dai jengine kwa ajali hii. Atie saini tajiri mwenyewe, si dereva peke yake, na mashahidi wawili. Wengine wanakwenda kwa sheha wa shehia husika akashuhudia. Napenda hivyo, kwa sababu sheha anajulikana anapokaa, shahidi wa barabarani humpati tena. Pesa tuma kwa simu kwenda namba ya tajiri ili ujumbe ubaki, usihesabu noti mbele ya watu. Na kama mlishafika polisi, mrudi wote pamoja mueleze mmepatana, jalada lisibaki wazi na jina lako ndani.

Kutoka Muscat

Ahsante kwa maelezo. Huku Oman tuna fomu ya ajali ndogo, mnaijaza wawili, mnatia saini, mnaipeleka bima bila kumsubiri polisi. Tunasahau kwamba nyumbani haiko hivyo. Swali langu: mwezi ujao nakuja Pemba, nitaendesha gari ya ami yangu Chake. Na kule wasiwasi wangu ni bodaboda, si daladala. Ukimgusa wa bodaboda akaanguka, akainuka, akasema hajaumia, hiyo si ya kumalizana?

Kutoka Kiembesamaki

Hiyo hapana, bwana. Bati ni bati, mwili ni jambo jengine. Mtu akianguka na pikipiki damu ikiwa moto hahisi kitu, kesho asubuhi mguu haukanyagi. Wewe umeshampa elfu hamsini mkaagana, hujui anapokaa, na yeye namba ya gari anayo. Sasa unaitwa polisi kwa kumgonga mtu na kukimbia, na hukukimbia.

Nenda naye kituoni, achukue PF3, hiyo fomu ya polisi wanayoitaka hospitali kwa mtu aliyeumia ajalini, atazamwe na daktari siku hiyo hiyo. Abiria wake pia, hata akisema ana haraka. Kumlipia dawa na usafiri ni uungwana, fanya, lakini iwe baada ya ripoti. Kuumiza mtu ndiko hasa bima ndogo ilikowekewa, na matibabu ya mguu uliovunjika si pesa ya kutoa mfukoni.

Na gari ya ami, kabla hujawasha, angalia kama bima ipo hai. Usitosheke na stika kwenye kioo. Mamlaka ya bima, TIRA, ina mfumo kwenye mtandao unaoitwa TIRAMIS: unaingiza namba ya gari, unaona bima ni ya kampuni gani na inakwisha lini. Gari zinazokaa ndani zikisubiri wageni wa likizo ndizo zinazosahauliwa. Kama imekwisha, ikate wewe, usimuone ami vibaya.

Kutoka London, kwa sasa Mbweni

Nimempigia mwenye Escudo. Bima ni kubwa, ekses laki nne. Amesema nisilipe kitu, anakuja mwenyewe, tunakutana na trafiki na tajiri wa daladala saa kumi. Kibali nimekikuta droo, kinaishia Ijumaa.