Naomba ushauri: mdogo wangu ana shida ya ini, hepataitisi B na C hana

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa madaktari au yeyote aliyepitia hili. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, macho yamekuwa ya njano, mkojo umekoza kama chai ya rangi, viungo vinauma na anachoka hata akifua nguo mbili tu. Pombe hajawahi kugusa. Kapimwa hepataitisi B na C zote negativu, ila ALT (kimeng'enya cha ini kinachopanda kwenye damu ini likiumia) imefika 600 na kitu wakati kawaida ni kama 40 hivi, IgG (aina ya kingamwili) nayo iko juu, ANA (kipimo cha kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe) ikatoka positivu. Daktari anahisi ni otoimyuni, yaani kinga ya mwili inashambulia ini lenyewe, sasa anataka bayopsi, wachukue kinyama cha ini kwa sindano ndo wahakikishe kabla ya kumuanzishia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Mama anaogopa sana hiyo sindano, na shangazi kaleta dawa ya mizizi, nimeificha maana daktari kasema miti shamba nayo inaweza kuharibu ini ikavuruga majibu.

Tuko Mwanza. Aliyefanyiwa bayopsi ya ini anieleze maumivu yakoje, alilazwa muda gani, na bima ililipa? Na je kuna anayetumia prednisoloni na azathioprini (nayo ya kutuliza kinga) muda mrefu, anaendeleaje? Nampenda sana huyu binti, nisaidieni jamani.