Vichwa vya pakiti juu ya vichwa, halafu lawama zote kwa fundi

Wakuu, saa nane usiku hii bado niko mbele ya skrini, chai imeshapoa, nina hasira. Asiyependa makelele apite tu.

Kazini kwetu waliamua trafiki ya wateja ipite kwenye mnyororo wa huduma: kwanza fayawoli, kisha kichujio cha maudhui, ndipo itoke nje. Wakachagua NSH, lebo inayobandikwa kwenye pakiti kuonyesha huduma zake, pamoja na SRv6, namna ya kuandika njia ndani ya pakiti yenyewe ya IPv6, kwa utaratibu wa RFC 9491, waraka wa viwango vya intaneti wa Novemba 2023. Hapo sina ugomvi. NSH inabeba namba ya njia, SPI, biti 24, na namba ya hatua, SI, biti 8. Inajua pakiti ikahudumiwe na nani na imebakiza nini, ila barabara ya kuifikisha huko haiijui. SRv6 ndiyo inayoijua. Ukizioanisha vizuri zinafanya kazi.

Ugomvi wangu ni na waliosaini bila kuhesabu baiti.

Haya, tuhesabu. Kichwa cha IPv6 cha nje, baiti 40. Kichwa cha SRv6 chenye SID nne (anwani za vituo vya njiani), 8 na 64, inakuwa 72. NSH yenye metadata (taarifa za ziada) ya aina ya kwanza, 24. Jumla 136. Pakiti ya mteja inaingia kwetu na baiti 1,500, inatoka imevalishwa makoti matatu, 1,636. Na katikati ya safari kuna kiungo cha kukodi chenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti kinayoweza kubeba) ya 1,600. Nilisema kikaoni, tena mara mbili. Nikajibiwa, "Hiyo mtaiweka sawa kwenye konfigi."

Nimeiweka sawa, wakuu! Nimeondoa metadata, NSH ikabaki na baiti 8: tukafika 1,620. Nikatumia ufungaji uliofupishwa, ule usiorudia SID ya kwanza kwa kuwa tayari iko kwenye anwani ya mpokeaji: 1,604. Baiti nne! Nimezikodolea macho kama abiria aliyepungukiwa nauli kwa shilingi hamsini, na konda hataki kusikia.

Kinachoniua zaidi ni kwamba ping, ile pakiti ndogo ya kupima, inapita. Kurasa ndogo zinafunguka. Mteja akipandisha faili, kiduara kinazunguka mpaka anakata tamaa na kupiga simu. Kwenye IPv6 ruta ya njiani haikati pakiti vipande. Inaitupa na kurudisha ujumbe wa ICMPv6 kwamba mzigo ni mkubwa mno. Ujumbe huo unarudi kwa ruta yetu ya mwanzoni, ile iliyofunga mzigo, nayo ndiyo ingemwambia mteja apunguze. Haukuifikia. Kuna mtu alizuia ICMPv6 yote "kwa usalama", na mtu huyo sasa yuko likizo.

Bado hiyo fayawoli. Kipeperushi kinasema inaelewa NSH. Inaielewa kweli, kama mimi ninavyoelewa Kichina cha kwenye maboksi. Kila huduma inatakiwa ipunguze SI kwa moja kabla ya kurudisha pakiti. Hii inarudisha namba ileile iliyoikuta. Kisambazaji kinaona hatua haijafanyika, kinaipelekea tena. Wiki iliyopita nikafungua tcpdump, programu ya kunasa pakiti, nikakuta SPI moja, SI 255, 255, 255, kinachoshuka ni TTL (hesabu ya hatua zilizobaki kabla pakiti haijatupwa) tu: 62, 61, 60... Pakiti moja inahudumiwa raundi sitini na ushei kabla haijafa! Matumizi ya kichakataji cha fayawoli yakapanda juu, mkuu wa kitengo akatangaza kwamba tunashambuliwa. Tunashambuliwa na mama mmoja anayefungua barua pepe.

Mzabuni kaulizwa, kajibu kistaarabu kabisa: wekeni proksi mbele yake, ivue NSH na kuirudisha. Nzuri. Leseni ya proksi inauzwa kando.

Kuna mdau humu atasema, "Mkuu, si mpandishe MTU ya hicho kiungo?" Ndiyo, boss, 1,700 ingetosha, na mwenye kiungo kakubali. Anadai malipo kidogo ya mabadiliko. Barua ina siku kumi na moja mezani kwa uhasibu.

Kesho saa mbili asubuhi kuna kikao, na ajenda ya kwanza ni "uzembe wa kitengo cha mtandao". Naenda na kikokotoo.