Tupeane uzoefu: baiskeli ya umeme kwa mwenye goti bovu, kwa milima hii ya Mbeya na Iringa

Mwalimu wa Iyunga
Habari zenu wakuu. Goti langu la kulia linanitesa, hasa kwenye ngazi. Hospitali wameniambia gegedu limeanza kulika, nisikae bwete, ila nisilibebeshe mzigo mkubwa kwa ghafla. Wakaisifia baiskeli kwamba uzito wa mwili unabaki kwenye kiti, goti linapumua. Sawa, lakini aliyenishauri hajaniona nikitoka Mafiati kupanda mjini.

Kwa hiyo nawaza ya umeme. Nimeona mbili. Moja mota iko ndani ya gurudumu la nyuma, ina resi mkononi kama pikipiki, betri volti 48 ampea-saa 13. Nyingine mota iko pale pedali zinapozungukia, haina resi, betri volti 36 ampea-saa 10, na bei yake imechangamka. Wauzaji wote wawili wananihubiria spidi. Mimi spidi ya nini? Wenye magoti wenzangu, mnaendesha nini, na goti linasemaje jioni?

Mama wa Gangilonga
Kamwene mwalimu. Mimi kazi yangu iko Ipogolo, nyumbani Gangilonga. Anayeijua Iringa ameshanielewa: asubuhi nateremka, jioni nazipanda zile kona zote nikiwa nimechoka.

Yangu ni hiyo ya mota kwenye pedali. Uzuri wake, nguvu ya mota inapita kwenye cheni na gia zilezile unazotumia wewe. Ukiweka gia nyepesi, mota nayo inapata wepesi, kilima kinapandika. Nyuma nina gia kubwa ya meno 34, ndiyo nyepesi kuliko zote, naiweka kabla mlima haujaanza, miguu inazunguka haraka haraka bila kukandamiza. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliniambia nilenge mizunguko 70 na zaidi kwa dakika. Kinacholiumiza goti ni kukanyaga polepole kwa nguvu, ile ya kuinuka kwenye kiti na kukunja uso.

Kero zake: cheni inalika upesi maana inabeba mtu na mota, na ukisimama ghafla ukiwa gia nzito, imekula kwako, gia ya cheni haibadiliki pedali zikiwa zimetulia. Halafu chukua fremu ya kike, mwalimu, hata kama wanafunzi watacheka. Kurusha mguu juu ya bomba ukiwa na goti hilo utajuta kila asubuhi.

Mlima Nyoka
Resi. Mengine yote maneno. Natoka Uyole mpaka Mwanjelwa goti halijui kama tumesafiri.

FundiSpoku, Kabwe
Mlima Nyoka hajakosea ila amemaliza mapema mno. Ngoja nieleze ninachokiona hapa kijiweni.

Kwenye hizi baiskeli kuna kidude kinachoiambia mota kwamba mtu anakanyaga. Viko vya aina mbili, na muuzaji usipomuuliza hakwambii. Kimoja kinafuata mzunguko wa pedali tu: ikishazunguka kidogo, mota inaamka na kusukuma kwa kiwango ulichochagua, uwe unakandamiza au unazungusha miguu ya uvivu. Kingine kinapima nguvu ya mguu. Ukikanyaga kidogo kinakupa kidogo, ukikanyaga sana kinakupa sana.

Hicho cha pili ndicho kinachosifiwa kila mahali, na kweli kinaitikia papo hapo, baiskeli inatulia chini yako. Lakini mwenye goti asikilize vizuri: kinataka ukanyage kwanza ndipo kikusaidie. Zipo zinazorekebishika ili mguso mdogo ulete nguvu nyingi, muulize muuzaji akuonyeshe kwa macho. Cha kwanza nacho kina kasoro, kile kipande cha mzunguko kabla mota haijaamka, goti liko peke yake. Kwenye tambarare hutakisikia. Simama katikati ya kilima uanze upya, utakijua.

Hapo ndipo resi ina maana. Nina mteja, mama muuza vitenge wa Mwanjelwa, resi yeye anaitumia kuondokea tu. Baiskeli ikishashika mwendo, anaiachia na miguu inapokea. Magoti yake yote mawili yana historia, na anaendesha.

Jambo jingine ni pancha. Gurudumu lenye mota ndani lina waya na nati kubwa, nyingi zinataka spana ya 18. Fundi wa barabarani ataziba bila kulitoa gurudumu, lakini tairi likichakaa tafuta fundi mwenye spana, na asikate waya. Na wanaotaka kufunga mota ya mbele kwenye baiskeli ya kawaida: kwenye mlima wenye kokoto uzito unarudi nyuma, gurudumu la mbele linateleza linazunguka bure. Kwa njia za huku sishauri.

Mstaafu wa Tukuyu
Wanangu, mimi nilikuwa mtu wa resi kama huyo wa Mlima Nyoka. Goti lilitulia kweli. Baada ya muda nikaona paja la mguu mbovu limekuwa jembamba kuliko jenzake, na kwenye ngazi goti linayumba. Mtaalamu akanieleza misuli ya paja ndiyo inayolishikilia goti, ukiilaza, goti linabaki bila mwenyewe. Siku hizi nakanyaga tambarare yote na miteremko, resi naiweka akiba kwa mlima mkali.

Jingine, mota ya gurudumuni haina msaada wa gia. Mlima mrefu ukipanda taratibu nayo, inachemka. Hapa Rungwe milima ni mirefu na mvua haijui likizo. Niliishika kwa mkono siku moja huko njia ya Isongole, nikaupeleka mkono kwenye majani yenye umande. Breki za diski usizikose, rimu iliyolowa haishiki, na aliyepanda lazima ateremke.

Mlima Nyoka
Shikamoo mzee. Paja langu nimelipima sasa hivi, bado lipo.

Baridi ya Njombe
Mnazungumzia mota sana, mimi goti langu lilitibiwa na kiti. Sisi wengi tunashusha kiti ili miguu yote miwili ifike chini tukisimama, matokeo yake goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko na pia ya goti inabanwa. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyoko chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha nyayo ya mbele kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Ukisimama, shuka kitini, ndiyo faida ya fremu ya kike. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni kiti kiko chini, ya nyuma ya goti ni kiti kimepanda mno. Goti likivimba, likiwa la moto au likikwama lisinyooke, hilo si la fundi, rudi hospitali.

Na betri ilale ndani. Baridi ya Juni na Julai huku, ukiiacha kibarazani asubuhi inakuwa nzito kuamka.

Mwalimu wa Iyunga
Asanteni sana, shikamoo mzee wa Tukuyu. Fundi, na betri je? Ile kubwa si ndiyo salama?

FundiSpoku, Kabwe
Zidisha volti kwa ampea-saa, unapata wati-saa, yaani akiba ya umeme. Kubwa ni wati-saa 624, ndogo 360. Sasa wewe na baiskeli tuseme kilo 100. Kila mita 100 za kupanda wima zinadai kama wati-saa 27, na mota inapoteza nyingine kwa joto, weka 40. Kwa safari yako ya mjini ndogo inatosha na chenji inabaki. Kubwa ina uzito wake, na siku itakapokuzimikia njiani ndiyo utakayoisukuma. Kabla hujalipa izime mota, ipande kidogo hivyo hivyo, kisha ikokote kwenye mwinuko. Kama goti linalalamika hapo dukani, usisubiri lilalamike Mafiati.

Mwalimu wa Iyunga
Nimeelewa. Jumamosi naenda kuzijaribu zote mbili kwenye kilima, kusimama na kuanza upya. Naegemea hii ya pedali kama wataweza kuilegeza iitikie mguso mdogo. Fundi, nitakupitia Kabwe unitazamie kiti.

Mlima Nyoka
Mwalimu, ile ya resi usipoichukua nielekeze lilipo duka. Shemeji yangu anaitafuta, na yeye goti zima.