Sensa ya oksijeni na gari kuukuu kufeli MOT: tupeane uzoefu

Spana22
Wakuu mlioko Uingereza na gari za zamani, tuweke hapa yale yanayofelisha kipimo cha moshi kwenye MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Gari ya petroli yenye masega (kichujio cha gesi chafu kwenye eksozi), ya miaka ya tisini kuelekea 2001, kawaida inapimwa hivi: injini ikizunguka mara 2500 hadi 3000 kwa dakika, CO (kaboni monoksidi) isizidi 0.3%, HC (mafuta yasiyoungua) isizidi 200 ppm (sehemu kwa milioni), lambda (uwiano wa hewa na mafuta, 1.00 ndiyo sawasawa) iwe kati ya 0.97 na 1.03. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, CO isizidi 0.5%. Karatasi ya kufeli msiitupe. CO juu na lambda chini ya 0.97, injini inapewa mafuta mengi mno. HC juu na lambda nayo imepanda, tafuta silinda inayomisi: plagi, koili, waya. CO na HC zimepita kidogo lakini lambda iko 1.00, hapo masega yamechoka.

Kombo_Leeds
Hilo la mwisho kweli tupu.

DadaMultimita
Sensa ya oksijeni ipimwe kabla ya kununuliwa nyingine. Chomoa soketi, pima nyaya mbili za hita inayoipasha sensa moto: Denso ni nyeusi mbili, Bosch nyeupe mbili. Denso nyingi za Toyota zinasoma ohm 11 hadi 16 injini ikiwa baridi. Isiposoma kitu, hita imekatika, na kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari itakuwa P0135. Rudisha soketi, acha injini ipate moto sawasawa, kisha pima waya wa signali kwa nyuma ya soketi. Sensa ya mbele (kabla ya masega) iliyo hai inaruka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ya nyuma (baada ya masega) inatakiwa itulie karibu na 0.6 au 0.7, ikianza kurukaruka kama ya mbele, masega yamekwisha, na kodi ni P0420. Hii ni kwa sensa ya kawaida ya nyaya nne. Ile ya A/F (inayopima uwiano wa hewa na mafuta) isomeni kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

MzeeWaCorolla
Kuna Corolla ya 1999 imebadilishwa sensa mara mbili, ikafungwa na masega mapya, na CO bado 1.8%. Kumbe manifodi (bomba la kwanza la eksozi kwenye injini) ina ufa mwembamba kama unywele, juu ya sensa. Asubuhi injini ikiwa baridi inasikika tik-tik-tik, ikipata moto chuma kinatanuka, ufa unajibana, kimya, ila haufungi kabisa. Ufa unavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Masega mapya yakaungua ndani ya miezi michache.

Kombo_Leeds
Mzee, ufa ulionekanaje?

MzeeWaCorolla
Injini ikiwa baridi kabisa, iwashwe. Mmoja anaziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa kizito, sekunde chache tu, mwingine ananyunyiza maji ya sabuni kwenye manifodi na gasketi. Povu likitoka, ndipo hapo.

Tano_Bora
Ichomelewe tu.

MzeeWaCorolla
Manifodi ya chuma cha kutupwa ikichomelewa bila kupashwa moto kwanza inapasuka pembeni ya weldi. Nunua iliyotumika.

Spana22
Kwenye kufungua sensa: eksozi iwe ya vuguvugu, mafuta ya kutu yalale usiku kucha, soketi ya 22 mm yenye mpasuo wa kupitisha waya. Grisi ya nyuzi ipakwe kwenye nyuzi peke yake, isiguse ncha. Kaza Nm 40 hadi 45. Na gasketi mekia (gundi ya kuziba maungio) ya silikoni iwe ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa. Mvuke wa ile nyingine unaiua sensa, ncha inakuwa nyeupe.

Tano_Bora
Sensa isiyo na soketi yake, nyaya zichomewe risasi, ndiyo imara.

DadaMultimita
Hapana, kaka. Sensa nyingi zinavuta hewa safi ya kulinganisha kupitia ndani ya nyaya. Risasi na flaksi (dawa ya kulehemu) zinaziba njia hiyo. Tumia viungo vya kubana vinavyokuja kwenye boksi.

Tano_Bora
Zipo zilizochomewa na zinatembea hadi leo.

DadaMultimita
Zisome volti zake ndipo tuongee.

Kombo_Leeds
Na kile kispesa cha kuisogeza sensa ya nyuma?

Spana22
Kinazima taa ya injini tu, moshi unabaki uleule na kipimo kinausoma. Gari ya petroli iliyosajiliwa kuanzia Julai 2003, taa ya injini ikiwaka peke yake inafelisha, tangu Mei 2018. Masega yakifa, badilisha. Na siku ya kipimo endesha dakika 20 kabla, oili ifike nyuzi 80, usizime injini ukisubiri zamu.