Shivaratri Mwanza: nifuate saa za India au jua la hapa?

Vahu_Mwanza
Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Mimi ni Msukuma, nimeolewa kwenye familia ya Kigujarati hapa Mwanza, sasa mwaka wa 16. Miaka yote hiyo usiku wa Shivaratri, ule Wahindu tunaokesha kumwabudu Shiva, aliushika mama mkwe. Tulimwita Ba. Yeye ndiye aliyejua wakati wa kumwaga maziwa juu ya linga, lile jiwe la ibada la Shiva, wakati wa mtindi, wakati wa kukaa kimya. Hakuandika popote. Jioni alitoka barazani, akalitazama jua likizama ng'ambo ya ziwa, akarudi ndani na kuchukua lota yake ya shaba. Hapo usiku umeanza.

Ba alitutoka mwaka juzi. Mwaka jana nikashika mimi. Shemeji aliyeko Rajkot alinitumia panchang, yaani kalenda ya ibada, ya India kwenye simu: Nishita, ule wakati mkuu wa katikati ya usiku, ni saa 6 na dakika 9 hadi karibu saa 7. Nikajua India wametutangulia saa mbili na nusu, nikazitoa, nikapata saa 3 na dakika 39 usiku. Saa hiyo tukawasha diya, zile taa ndogo, tukaimba Om Namah Shivaya, watoto wakaenda kulala. Saa 4 nyumba imetulia. Mimi macho makavu kitandani, moyo unaniambia nimekosea, maana Ba hajawahi kutulaza saa 4.

Mwaka huu ni Jumapili, 15 Februari 2026. Sitaki kukosea tena. Na jambo la pili: mume wangu ana sukari, lakini anasema safari hii atafunga bila hata maji, kwa ajili ya mama yake. Nimwambie nini?

Ben_wa_Mombasa
Pole kwa Ba, dada. Moyo wako ulikuwa unakwambia kweli.

Panchang ina mambo mawili na wengi tunayachanganya. La kwanza ni tithi, yaani siku ya mwezi. Shivaratri ni tithi ya 14 ya mwezi unaopungua. Inategemea umbali kati ya mwezi na jua huko juu, kwa hiyo inaanza na kuisha kwa wakati mmoja duniani kote. Hiyo ndiyo unayoitolea saa mbili na nusu. Mwaka huu inaanza India muda mfupi baada ya saa 11 jioni, kwa hiyo kwetu ni kama saa 8 na nusu mchana.

La pili ni nyakati za usiku wenyewe, na hizo zinatoka kwenye jua la pale ulipo. Usiku unaanza jua lako likizama na kuisha jua lako likichomoza. Ugawe mara nne upate prahar nne, yaani zamu nne za usiku. Ugawe mara 15, fungu la nane ndilo Nishita. Ulipotoa saa mbili na nusu kwenye Nishita, ulichukua usiku wa manane wa India ukauweka juu ya jioni ya Mwanza.

Nimekupigia hesabu ya huko kwenu. Jua linazama kama saa 1 na dakika 8 usiku, linachomoza kama saa 12 na dakika 57 asubuhi. Prahar ya kwanza inakwisha saa 4 na dakika 5, ya pili saa 7 na dakika 2, ya tatu karibu na saa 10, ya nne alfajiri. Nishita ni saa 6 na dakika 39 hadi saa 7 na dakika 26. Dar es Salaam ni mapema zaidi, saa 6 na dakika 13 hadi saa 7 kamili, kwa kuwa wako mashariki kwenu. Ndiyo maana hata ratiba ya mandir, yaani hekalu, ya Dar haikufai.

Marehemu baba hakuwa na simu wala panchang dukani. Alihesabu kwa saa za Kiswahili: prahar ya kwanza hadi saa 3, ya pili hadi saa 6, ya tatu hadi saa 9, ya nne hadi saa 12. Huku pwani saa zetu zinahesabiwa tangu jua kuzama, na prahar vilevile. Mtoto wa Kimombasa haelezwi mara mbili.

Kwetu prahar ya kwanza ni maziwa, ya pili mtindi, ya tatu samli, ya nne asali. Jani la bilva, ule mti ambao majani yake hutolewa kwa Shiva, liwe na vijani vyake vitatu, upande laini uulaze juu ya linga. Tulsi, ule mrehani mtakatifu, na manjano usimwekee Shiva. Ukikosa bilva mbichi, majani yaliyokwisha kutolewa unaweza kuyaosha ukayatoa tena. Kwa bilva inaruhusiwa.

Kufungua ni Jumatatu baada ya jua kuchomoza, kabla tithi haijaisha, kwetu kama saa 9 alasiri.

Muuguzi_Upanga
Kuhusu mumeo, tafadhali sana. Anayetumia dawa za sukari akikaa usiku kucha bila kula, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Amwone daktari wake wiki hii, siyo Jumamosi. Kufunga kwa phalahar, yaani kwa vyakula vinavyoruhusiwa kwenye mfungo, ni kufunga kamili: maziwa, karanga, viazi vitamu kwa kiasi. Hata mhogo. Sabudana yenyewe ya India, zile punje nyeupe za kupika wakati wa mfungo, inatengenezwa kwa mhogo. Mwambie mama yake hakutaka aanguke mbele ya linga.

Vahu_Mwanza
Ben, Muuguzi, Mungu awabariki. Amekubali kwenda kliniki Alhamisi, nitamsindikiza.

Jana jioni nilitoka barazani na saa mkononi, nikasimama pale aliposimama Ba. Jua lilipotea saa 1 na dakika 6; vilima vya ng'ambo vinalimeza mapema kidogo. Halafu nikafungua dabba lake, kopo la stili, kabatini, ambalo sijaligusa tangu msiba. Mna majani ya bilva, makavu, kila moja na vijani vyake vitatu, ameyafunga kwenye gazeti. Yako 11. Nimeyaosha, yamelala juu ya kitambaa cheupe.