Reli ya Lubumbashi: tuiondoe tuweke tramu?

Fundi Cherehani, Katuba

Jambo kwenu wote. Nashona nguo mjini. Kila asubuhi teksi-bisi zinabanana pale tuneli, chini ya reli, mpaka sisi wenye haraka tunashuka na kumaliza safari kwa miguu. Juu yetu njia ya reli iko tupu. Reli hiyo ilifika 1910, mji ukiwa bado mchanga, na mpaka leo ndiyo inayotutenga na mji sisi wa mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba. Nimesoma kwamba Manchester, mwaka 1992, waliziondoa treni kwenye njia za Bury na Altrincham wakaweka tramu, yaani magari mepesi ya umeme yanayopita kwenye reli hata barabarani, zikaingia hadi katikati ya mji. Kwa nini sisi tusifanye vile? Nawaomba wanaoijua reli wanijibu, siasa tuiache kando. Mama anayeuza mboga hapaswi kupoteza asubuhi yake barabarani.

Mzee wa Depo

Mwanangu, uchungu wako naujua, lakini neno "kuondoa" linanitisha. Njia za Bury na Altrincham zilikuwa za abiria wa karibu. Hii yetu inashuka hadi Sakania na Zambia, na upande wa pili inapanda Likasi, Tenke, Kamina. Ukiikata hapa mjini, umeikata Katanga yote.

Tena kuna umeme. Waya zetu ni za volti 25,000, mfumo ulioanza 1952 kati ya Likasi (wakati ule Jadotville) na Tenke. Tramu za kawaida hutumia volti 600 au 750. Wajerumani wa Karlsruhe walitengeneza magari yanayopokea umeme wa aina mbili: 750 barabarani, 15,000 kwenye reli kubwa. Yalianza kazi 1992 pia, na yanapita njia moja na treni. Lakini tramu ni nyepesi. Ikigongana na treni ya mizigo, hakuna atakayepona ndani. Kwa hiyo ishara za reli zitengenezwe kwanza, na wanaozisimamia walipwe kila mwezi. Hapo mimi sitakubali mjadala.

Yaya wa Kampemba

Papa wa Depo amesema kweli. Mimi niongeze habari ya Addis Ababa, maana napitia kule nikienda kununua mali Dubai. Tramu yao ilifunguliwa 2015, njia mbili, kilomita 34 hivi. Kitu kizuri, nauli ndogo, watu wamejaa. Baada ya miaka michache magari mengi yakasimama kwa kukosa vipuri. Fundi, kabla ya kuuliza tramu itapita wapi, uliza nani atanunua vipuri mwaka wa sita.

Kijana wa Bel-Air

Kuna mfano unaotufaa kuliko Manchester. Toyama, Japani, 2006: njia ya treni iliyokuwa inakufa, kama kilomita 8 tu, waliigeuza ya tramu. Upana kati ya vyuma viwili vya reli ni milimita 1,067, sawasawa na wetu! Waliongeza vituo, gari likawa linapita kila dakika 15, na abiria wa siku za kazi wakaongezeka maradufu. Reli ilikuwepo zamani. Watu walirudi kwa sababu hawakusubiri tena.

Fundi Cherehani, Katuba

Papa, yaya, asanteni. Basi nageuza ombi langu. Reli kubwa ibaki. Tuanze na tawi la Kipushi, kilomita kama 30, ambalo haliko kwenye njia kuu ya Zambia. Vituo viwe vya karibu-karibu, na gari lipite kwa saa inayojulikana. Papa, je, pembeni ya reli pana nafasi ya njia ya pili?

Mzee wa Depo

Karibu na gare, yaani kituo cha treni, ipo. Mbele zaidi watu wamejenga hadi kwenye kokoto, na wengine wamezalia watoto humo. Wahesabiwe na walipwe kwanza, ndipo mataruma yaletwe.