Nitathibitishaje kwamba vito vinavyochongwa Jaipur havikupita mikononi mwa watoto?

Mnunuzi_Arusha:
Wakuu, heshima kwenu. Tunanunua vito vidogo vya milimita 2 hadi 4 vilivyochongwa Jaipur, India: tanzanite, garneti na amethisto. Sehemu ya mawe ghafi inatoka huku kwetu. Mteja wa Ujerumani anataka ushahidi wa maandishi kuwa hakuna mtoto aliyehusika katika hatua yoyote. Msafirishaji wa Jaipur ametuma barua yenye mhuri, picha za karakana na cheti cha ukaguzi. Hivi vinatosha? Kama havitoshi, tukague nini, na tukikuta mtoto tufanyeje?

Karati5:
Havitoshi, mkuu. Karakana iliyopigwa picha ndiyo mahali ambapo watoto hawapo. Msafirishaji huchongea kwake mawe makubwa yenye bei. Yale madogo anamkabidhi mkandarasi wa kazi, huko wanamwita thekedar, naye anayagawa kwenye nyumba za mji mkongwe, pande za Ramganj na vitongoji vinavyoizunguka. Humo ni chumba kimoja, mashine chache, malipo kwa kipande. Mtoto anaingizwa kama mwanafunzi wa kazi: miaka ya mwanzo halipwi kitu au anapewa hela ya chai, ingawa mawe anayoshika yanasafirishwa nje kama ya mtu mzima.

Jiwe linapasuliwa, linapewa umbo la awali, linabandikwa kwenye kijiti kwa lakiri iliyoyeyushwa, linachongwa nyuso, linang'arishwa, linaoshwa, kisha linapangwa kwa saizi. Mtoto utamkuta zaidi kwenye kubandika (lakiri ya moto inaunguza vidole), kung'arisha, na kwenye shanga: kutoboa na kutunga. Mtu akikuambia kazi hii inahitaji vidole vyembamba, usikubali. Surat, mji mwingine wa India, watu wazima wanachonga almasi ndogo kuliko hizo zenu. Mtoto yupo pale kwa sababu ni rahisi kumlipa kidogo.

Na hapa Tanzania inaingia moja kwa moja. Mwaka 2010 tulizuia tanzanite ghafi inayozidi gramu 1 isitoke nchini. Yale madogo yakaendelea kwenda Jaipur, na madogo ndiyo yanayoishia majumbani. Masharti yamebadilika tangu hapo, kwa hiyo upande wa vibali pitia Tume ya Madini kwanza.

Mezani_Sahani:
Nakubaliana na Karati5. Msikague jengo, kagueni mwendo wa mawe.

Anza na hesabu ya uwezo. Kaa na mchongaji mmoja mzoefu saa moja, uhesabu vipande alivyomaliza, kuanzia kubandika hadi kung'arisha. Tuseme ni 8. Kwa saa 8 ni 64, kwa siku 25 ni 1,600. Karakana yenye mashine 12 itatoa 19,200 kwa mwezi. Kama ankara zako zinaonyesha vipande 45,000, zaidi ya nusu vimechongwa mahali usipopajua. Muulize msafirishaji ni wapi. Akisema wanafanya kazi usiku, omba bili ya umeme na daftari la mahudhurio la mwezi huohuo, maana huwezi kuendesha mashine bila umeme.

Kisha dai hati ya kutoa kazi kwa kila mfuko: tarehe, idadi ya vipande, uzito wa ghafi, jina la mkandarasi, anwani ya nyumba, jina la mchongaji, uzito na idadi iliyorudi. Tanzanite ya duara ya milimita 3 ina takriban karati 0.12, na karati 5 ni gramu 1, kwa hiyo vipande 1,000 lazima viwe karibu na gramu 24. Mfuko ukirudi na idadi sawasawa bila jiwe hata moja lililovunjika, hati imeandikwa mezani baadaye. Mawe huvunjika. Tanzanite hasa ina mpasuko wa asili na haipendi joto la ghafla, kwa hiyo baadhi hupotea kwenye lakiri.

Kinachowashinda wengi ni malipo. Chukua bei ya kuchonga kwa kipande, toa sehemu ya mkandarasi, zidisha kwa 64. Kama jibu liko chini ya kima cha chini cha mshahara cha Rajasthan, jimbo lenye Jaipur, kwa siku, bei yako yenyewe haimtoshi mtu mzima. Hapo ukaguzi wowote utakaofanya utakuwa wa kujiridhisha tu. Pandisha bei ya kuchonga kwanza, na uandike kwenye mkataba kwamba nyongeza inamfikia mchongaji.

Ziara iliyotangazwa haina maana. Nendeni alasiri shule zikishafungwa, au siku ya mapumziko, mkiwa na mtu anayeongea Kihindi asiyelipwa na msafirishaji. Hesabuni viti na vijiti vyenye mawe bado yamebandikwa, halafu linganisha na watu waliomo.

Mama_Afya_Kazini:
Niongeze la vumbi, kwa sababu linasahaulika. Amethisto na akiki ni jamii ya kwatzi, yaani silika tupu. Zikisagwa au kutobolewa kavu, chembe ndogo kuliko unavyoweza kuona zinafika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Huo ni silikosisi, hauna tiba, na unamweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Khambhat, Gujarat, hukohuko India, wachonga akiki wameugua hivyo miaka mingi, pamoja na majirani wasiochonga kabisa, kwa sababu kazi iko ndani ya makazi. Kwa hiyo kumwondoa mtoto mashineni na kumwacha alale chumba hichohicho hakumkingi. Daini maji yanayotiririka kwenye sahani ya kusagia, kifyonza vumbi, na kazi itenganishwe na sehemu ya kulala. Kitambaa puani hakizuii chembe hizo.

Mnunuzi_Arusha:
Asanteni sana. Umri tunauthibitishaje? Na kuhusu tukimkuta?

Karati5:
Kadi ya Aadhaar, yaani kitambulisho cha India, peke yake isikuridhishe. Sheria ya India ya haki za watoto ya 2015, kifungu cha 94, inaweka mpangilio: cheti cha shule chenye tarehe ya kuzaliwa au cha mtihani, kikikosekana, cheti cha kuzaliwa cha manispaa, vyote vikikosekana ndipo kipimo cha mifupa. Fuateni mpangilio huohuo. Kuhusu kazi, marekebisho ya 2016 yanakataza ajira chini ya miaka 14 na yanaruhusu mtoto kusaidia familia baada ya shule, ila si kwenye kazi hatari. Mkandarasi atakwambia "huyu ni mpwa wangu". Mwambie masharti ya mnunuzi hayana mpwa.

Mkimkuta, msikate oda siku hiyohiyo. Mkandarasi atamhamishia nyumba ya pili na hamtamwona tena. Aache mashine hapohapo, nyumba yao iendelee kupata kile alichokuwa akiingiza, nafasi yake apewe mtu mzima wa familia, na mfuatilie mahudhurio yake shuleni kila mwezi. Ulizeni kama wazazi walichukua mkopo wa awali. Ukiwepo, huo ni utumwa wa deni, na sheria ya India ya 1976 imeyafuta madeni hayo. Akiwa ametolewa mkoa mwingine bila wazazi, pigeni 1098, simu ya watoto ya India, kabla ya kuongea na msafirishaji.

Mezani_Sahani:
Na usimjibu Mjerumani kwa habari za Jaipur tu, ndugu yangu. Amesema hatua yoyote. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5, hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Ukuta wa Mirerani wa 2018 umesaidia kudhibiti lango la tanzanite, lakini garneti na amethisto zinatoka machimbo madogo yasiyo na ukuta, na watoto huonekana zaidi kwenye kuchekecha mabaki kuliko shimoni. Kwa kila mzigo wa ghafi andika jina la machimbo, namba ya leseni, broka aliyeuza na risiti ya soko la madini. Mzigo usio na namba ya leseni uuweke pembeni, usiuchanganye na mingine, kwa sababu ukishachanganywa hakuna atakayeweza kuutenganisha, si wewe wala Jaipur.